Mlango Haujafungwa, Lakini Hatoki Mtu

Leo twendeni ukumbini. Tukae viti vya mbele, tutazame chumba kimoja tu.

Chumba chenyewe kiko chini ya ardhi, katika jiji la Birmingham, Uingereza. Dirisha hakina. Kuna vitanda viwili na wanaume wawili, Ben na Gus. Ben amejilaza, anasoma gazeti. Gus anahangaika na viatu. Anavua kimoja, anakung'uta, kinatoka kiberiti kilichobondeka. Anavua cha pili, inatoka pakiti ya sigara, nayo imebondeka. Ben anamtazama juu ya gazeti, hasemi kitu. Dakika zinakwenda, ukumbini watu wanacheka. Kazi ya hawa wawili ni kuua watu kwa malipo. Wamekaa hapo wanasubiri kuambiwa zamu ya nani imefika.

Tamthilia hii inaitwa The Dumb Waiter. Aliiandika Harold Pinter mwaka 1957, akiwa bado mwigizaji anayezunguka miji ya Uingereza na vikundi vya maigizo. Baba yake alikuwa fundi cherehani huko Hackney, mashariki ya London. Mwaka 2005 mtoto huyo wa fundi alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Lakini turudi chumbani, maana kuna jambo ukutani.

Ukutani kuna kitundu chenye kijimlango, na nyuma yake kisanduku kinachopandishwa na kushushwa kwa kamba, kama vile vilivyokuwa vikitumika kwenye mikahawa ya ghorofa kupelekea sahani kutoka jikoni. Ghafla kisanduku kinashuka kwa kishindo. Wauaji wanarukia bastola zao. Ndani mna kikaratasi: mtu huko juu anaagiza chakula. Nyama na chipsi, pudingi, chai mbili. Sasa hawa si wapishi, na chai yenyewe wameshindwa kujichemshia, kwa sababu mita ya gesi inadai shilingi na hakuna aliye nayo. Mtu mwenye akili zake angepiga kelele kwamba hapa si jikoni. Wao wanafungua mkoba wa Gus na kutoa kila walicho nacho: biskuti, majani ya chai, chupa ya maziwa, chokoleti, keki, krispi. Wanapanga kwenye sahani, wanapandisha juu. Oda nyingine zinaendelea kuja, zikiwemo za vyakula vya Kigiriki ambavyo hata kuvitamka ni kazi.

Kisha Gus anagundua bomba la kuongelea na watu wa juu, na Ben analitumia. Tunasikia upande wake tu. Kumbe anaambiwa keki imechacha, chokoleti imeyeyuka, maziwa yameharibika. Na muuaji huyu, bastola kwapani, anaomba radhi. Anaomba radhi kwa adabu zote, kama mhudumu wa hoteli aliyemwagia mgeni supu.

Hapo ndipo nataka tusimame. Tumezoea kuambiwa kwamba tamthilia za namna hii zinatutia hofu kwa sababu ya chumba: kuta nne, hewa nzito, hakuna pa kutokea. Mimi sikubali. Wengi wetu tumekulia chumba kimoja, watoto sita na wazazi, pazia katikati, na humo humo palikuwa na vicheko vya kutosha. Ufinyu wa mahali peke yake haumwonei mtu. Kinachoonea ni mpango wa mazungumzo: nani ana ruhusa ya kuuliza, nani lazima ajibu, na nani hata akijibu jibu lake halihesabiwi. Kuta zipo ili anayeulizwa asiweze kusema, samahani, maziwa yanafurika jikoni, akaondoka zake.

Msikilizeni Gus muone. Tangu mwanzo yeye ndiye mwenye maswali. Nani huwa anakuja kusafisha baada ya sisi kuondoka? Yule msichana wa mara ya mwisho, mbona ilikuwa vile? Nani yuko huko juu? Ben hamjibu, anamsomea habari za gazetini, au anamgombeza kwa jambo dogo. Kuna mahali wanakaribia kupigana kwa sababu ya namna ya kusema tu, kama mtu anawasha birika au anawasha gesi iliyo chini ya birika. Ben anamkaba mwenzake koo kwa hilo! Watazamaji wanacheka, lakini wameshaona kwamba katika chumba hiki kuuliza ni kosa. Mwishoni zamu inajulikana. Mlango unafunguka, anayeingia kwa kujikwaa ni Gus mwenyewe, amevuliwa koti, tai na bastola, na Ben amemwelekezea mtutu. Taa zinazimika wanatazamana.

Mwaka 1958 Pinter alikuwa amepeleka London tamthilia ndefu zaidi, The Birthday Party. Magazeti yaliirarua, ikafungwa baada ya wiki moja. Mhakiki mmoja mashuhuri, Harold Hobson, aliisifu sana kwenye Sunday Times, ila sifa zake zilichapishwa onyesho limeshafungwa. Leo ni miongoni mwa tamthilia zinazochezwa sana za karne iliyopita. Inahusu nyumba ya wageni pwani, mpangaji mmoja mvivu aitwaye Stanley, na wageni wawili wenye suti, Goldberg na McCann, wanaokuja kumchukua. Kosa la Stanley hatuambiwi.

Wageni hao wanamkalisha kwenye kiti na kuanza kumhoji. Maswali yanakuja mbio, mara huyu mara yule: habari za mke wake, za mama yake, za dini, za hesabu, mpaka kile kichekesho cha watoto cha kuku aliyevuka barabara. Stanley anajaribu kujibu. Kila jibu si sahihi, na lisilo sahihi halirekebishwi. Linafuata swali jingine. Asubuhi yake anashushwa ngazi amevalishwa nadhifu, amenyolewa, na hawezi kutoa neno. Koo linatoa milio tu.

Sisi watu wa Kiswahili tunao utaratibu wetu wa maswali magumu, na ni vizuri kuuweka kando ya huu. Mtu husema kitendawili, na wenzake husema tega. Pasipo tega hakuna swali. Anayeulizwa amekubali kuulizwa. Akishindwa anatoa mji, anapewa jibu, na mwulizaji anaendelea na kingine. Ni mchezo wa kumbana mtu, ndiyo, lakini una mlango wa kuingilia na wa kutokea, na funguo anazo yule anayebanwa. Goldberg na McCann wamechukua umbo lilelile wakaliondolea tega na wakaliondolea mji. Stanley hawezi kushindwa akapumzika. Mji wowote atakaotoa hautatosha.

Katika nyumba hiyo kuna mzee aitwaye Petey, mwenye nyumba, mtu mpole wa kupangisha viti vya ufukweni. Yeye peke yake anathubutu kusema wamwache kijana. Goldberg hamtishi kwa kisu. Anamkaribisha tu: kwa nini usije nasi, mzee, kwenye gari kuna nafasi tele. Basi. Petey anarudi nyuma, na mkewe anapoingia na kuuliza Stanley yuko wapi, anamwambia bado amelala.

Huo mwaliko wa gari ndio unaonitisha kuliko yote. Katika tamthilia za aina hii, anayekandamiza hana haja ya kupaza sauti. Mara nyingi ndiye mwenye adabu kuliko wote chumbani. Mwaka 1984 Pinter aliandika nyingine, One for the Road, ambamo afisa wa usalama anamhoji mtu, mkewe na mtoto wao wa miaka saba, mmoja baada ya mwingine, katika chumba kimoja. Afisa anakunywa wiski, anaongea kama rafiki, anajisifu kidogo, anauliza habari. Hakuna kofi hata moja linalopigwa mbele yetu. Nguo za mfungwa zimechanika, tunajua kuna vyumba vingine. Kuelekea mwisho mzazi anauliza habari za mwanawe, na afisa anamjibu kwa kumsema mtoto kwa wakati uliopita. Mabadiliko ya kitenzi tu, na ukumbi mzima unaelewa.

Lakini fundi mkubwa wa ukarimu unaokaba, kwa maoni yangu, ni Václav Havel wa iliyokuwa Chekoslovakia. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia nchini humo mwaka 1968, tamthilia zake zilipigwa marufuku, na mwaka 1974 alifanya kazi ya kibarua kwenye kiwanda cha bia huko Trutnov. Mwaka uliofuata aliandika tamthilia ya tendo moja iitwayo Audience. Ofisi ya msimamizi wa kiwanda, meza, kreti la bia. Msimamizi amemwita kibarua wake Vaněk, mwandishi aliyepigwa marufuku, kuzungumza naye. Karibu, kaa. Kunywa. Mbona hunywi? Kunywa bwana. Vaněk hapendi bia. Kila msimamizi akitoka kwenda chooni, na anatoka mara nyingi, Vaněk humimina bia yake kwenye glasi ya bosi.

Kwa nusu saa hakuna kinachotokea. Maswali ni yale yale yanazunguka, karibu nyingi, malalamiko ya mlevi. Polepole jambo linajitokeza. Msimamizi anaweza kumpa Vaněk kazi ya ukarani ndani, penye joto, aachane na kuvingirisha mapipa kwenye baridi. Ila kuna watu huja kila wiki kuuliza habari zake, na msimamizi hajui kuandika taarifa. Wewe ni mwandishi, anamwambia. Ungenisaidia kuandika hizo taarifa. Yaani Vaněk ajipeleleze mwenyewe, ajiandikie ripoti, aikabidhi. Anakataa, kwa upole, kwamba ni suala la msimamo. Na bosi analia! Anamlaumu kwamba nyinyi wasomi mna misimamo yenu, na sisi je? Machozi ni ya kweli, na hilo ndilo balaa lake, kwa sababu unamwonea huruma mtu anayekutengenezea kitanzi.

Wangapi katika sisi hatujawahi kukaa kwenye kiti mbele ya mkubwa, soda imeshafunguliwa, mazungumzo ni ya watoto na mvua, na moyoni tunajua kwamba ombi liko njiani? Ndiyo maana nasema Havel angeeleweka Kisumu au Tabora bila kubadilishwa neno, isipokuwa bia. Yeye mwenyewe alifika kuwa rais wa nchi yake mwishoni mwa 1989, jambo ambalo msimamizi wa kiwanda hakuliweka kwenye ripoti yoyote.

Nitapita haraka kwa Jean-Paul Sartre kwa sababu watu wamemwongelea mno. Tamthilia yake Huis clos ilionyeshwa Paris Mei 1944, Wajerumani wakiwa bado wameukalia mji. Wafu watatu, makochi matatu, taa isiyozimwa. Kitu kimoja tu cha kukumbuka: mmoja wao, Garcin, anaugonga mlango akitaka kutoka, na mlango unafunguka kweli. Hatoki. Anabaki kumsubiri mwanamke anayemdharau amwambie kwamba yeye si mwoga.

Sasa twende Afrika Kusini, maana huko mambo yanageuka. Julai 1973, kwenye ukumbi mdogo wa The Space mjini Cape Town, ilionyeshwa tamthilia iliyotungwa kwa pamoja na Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona. Leo tunaijua kama The Island. Wakati ule sheria ilikataza kuzungumzia hali za magereza, kwa hiyo ikatangazwa kwa jina jingine, Die Hodoshe Span, yaani kikosi cha Hodoshe. Wafungwa wawili wa Robben Island wanaitwa John na Winston, kwa majina ya waigizaji wenyewe. Hodoshe, mlinzi wao, hatumwoni hata mara moja.

Inaanza bila neno. Wanaume wawili wanachimba mchanga kwa koleo zisizokuwepo, wanajaza toroli zisizokuwepo. Huyu anakwenda kumwaga pale anapochimba yule, na yule anamwaga pale anapochimba huyu. Mchanga haupungui. Kitendo hiki kinaendelea mpaka watazamaji wanaanza kuguna kwenye viti, na wanatakiwa wagune. Ndipo tunaingia seli, na katika seli hiyo maneno yanafanya kazi tofauti kabisa na kwa Pinter. Hapa mazungumzo ndiyo hewa. Usiku John anajifanya anapiga simu nyumbani, New Brighton, anaongea na marafiki, anauliza habari za mke na watoto, Winston yuko pembeni anamwambia waulize na hili, na lile. Wanasimuliana filamu. Wanafanya mazoezi ya Antigone, tamthilia ya kale ya Wagiriki kuhusu binti anayemzika nduguye dhidi ya amri ya mfalme, ili waicheze kwenye tamasha la wafungwa. Hilo si la kubuni tu: Antigone ilichezwa kweli Robben Island, na Nelson Mandela akawa mfalme Creon. Katika tamthilia Winston ndiye msichana, amevaa wigi na matiti ya bandia, John anamcheka mpaka anaanguka, na Winston anagoma.

Halafu John anaitwa ofisini. Rufaa yake imekubaliwa. Miaka kumi imepunguzwa hadi mitatu, na amebakiza miezi mitatu. Wanakumbatiana, wanafurahi. Na kutoka hapo, wasikilizaji, seli ile inaanza kubana kwa namna ambayo Hodoshe na marungu yake hawakuweza. Usiku Winston anaanza kumsimulia John siku yake ya kutoka: atakavyohesabu, atakavyopewa nguo zake, safari, nyumba imejaa watu, pombe, mwanamke. Anasimulia vizuri mno. Mwanzoni ni zawadi. Polepole inageuka kuwa mateso, John anamsihi aache, na Winston haachi. Yeye ana kifungo cha maisha. Anamtaja mzee Harry, mfungwa wa miaka sabini kwenye machimbo, aliyelikata jiwe mpaka akalipenda, akajisahau.

Hakuna adui chumbani. Kuna rafiki na habari njema. Hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya nikatae kabisa nadharia ya kuta. Seli ni ile ile ya jana, ndoo na blanketi ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mmoja sasa ana kesho ya kuzungumzia na mwingine hana, kwa hiyo hawawezi tena kuongea wakiwa sawa. Baada ya hapo Winston anavaa wigi bila kugoma. Mwisho wa Antigone yao analivua mbele ya walinzi na kusema kwa jina lake mwenyewe.

Na sisi je? Tunazo tamthilia za seli. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ya mwaka 2001, ambayo wanafunzi wengi wa Kenya waliisoma kwa mtihani, inamweka mhusika wake Mwelusi gerezani mwa Mtemi Bokono. Ni kazi nzuri. Lakini nitasema neno ambalo huenda walimu wenzangu wakanikasirikia: watawala wengi katika tamthilia zetu wanapiga kelele mno. Mtemi anafoka, askari anafoka, mjeledi unalia, na mtazamaji anakaa kwa amani kwa sababu yeye si mtu wa kufoka. Hajihusishi. Angesikia mtemi anayeuliza kwa upole mtoto wako wa pili yuko darasa la ngapi sasa, angetafuta mlango.

Aliyekwenda njia nyingine ni Said Ahmed Mohamed, katika Amezidi ya mwaka 1995. Watu wawili, Ame na Zidi, wako pangoni katika ufukara, wanacheza michezo ya kujidanganya, wanagombana, wanapatana. Wahakiki humlinganisha na mtunzi wa tamthilia Beckett, nao hawakosei. Ninachokipenda mimi ni kwamba majina yao ukiyaunganisha unapata neno moja, na wao wenyewe hawatenganiki vilevile. Vikundi vinaiogopa kwa kuwa haina hadithi ya kusimulika. Ingewafaa. Haihitaji maleba ya bei wala mandhari ya kuchora. Inahitaji waigizaji wawili wanaojua kusubiri.

Kusubiri ndiko kugumu. Tuliosimamia mazoezi tunajua: mwigizaji wetu akiulizwa jukwaani hujibu haraka, kwa sauti, uso kwa hadhira. Mwambie ahesabu mpaka nne kabla ya kujibu, ukumbi utakosa utulivu. Mwambie anayeuliza akae na anayejibu asimame, kisha wabadilishane, maneno yakiwa yale yale. Utaona nani anamwonea nani kabla hata hujaelewa wanaongea nini.

Kabla muda haujatuishia, kuna jambo la sisi watu wa redio. Redio haina kuta za kuonyesha. Inabaki na kuuliza na kujibu tu, na Pinter alilitambua hilo mapema. Julai 1959 BBC ilitangaza mchezo wake A Slight Ache. Mume na mke, Edward na Flora, wanakunywa chai bustanini, nyigu ameingia kwenye chupa ya mamaledi, Edward anamfungia humo na kumuua kwa maji ya moto. Nyuma ya nyumba, karibu na geti, amesimama muuza viberiti, wiki nyingi sasa, hauzi kitu. Edward hawezi kuvumilia. Anamwita ndani, chumba cha kusomea, amhoji. Anamkaribisha kinywaji. Anamweleza habari zake, anamuuliza, anamshambulia, anamsihi. Mtu yule hasemi kitu. Mchezo mzima hatamki hata neno.

Kwenye jukwaa, ulipochezwa baadaye, mwigizaji alisimama pale na matambara yake, watu wakamwona. Kwa redio msikilizaji hana hakika kama yupo. Anachosikia ni sauti ya Edward ikizidi kuhema, ikivunjika, mpaka mwenye nyumba, mwenye chumba, mwenye maswali yote, yuko chini sakafuni hoi. Flora anamchukua muuza viberiti wakale chakula cha mchana, na mumewe anaachiwa lile sinia la viberiti. Waandishi wetu wa michezo ya redio, ambao kila wiki hutuletea sauti kumi na mbili na mlango unaogongwa, hebu safari moja watuandikie wa watu wawili, mmoja wao asiyesema.